Gari la Kwenda Kitale

Jina lake sitalitaja. Nusu ya mji wa Embu ilisomeshwa naye, na wapo waliowapa watoto wao jina lake, nami sina haja ya ugomvi kanisani. Nitamwita vile tulivyomwita sote, Mwalimu Mkuu, hata alipokwisha kustaafu na shule ikapata walimu wakuu wengine ambao yeye aliwaita "hawa vijana". Nilifundisha chini yake, baadaye nikawa jirani yake huko Dallas, mtaa wa papo hapo Embu, ua kwa ua, mpaka nikajua kikohozi chake cha asubuhi na kile cha jioni. Nilimheshimu. Hata sasa namheshimu. Lakini nikipita mbele ya lango lake moyo wangu huchemka, na leo nitasema kwa nini.

Alikuwa mtu wa maandalizi. Hilo kila mtu atakuambia. Chaki alizipanga kwa urefu. Gwaride la asubuhi likianza, yeye alikuwa ameshazunguka uwanja mzima akiokota vijiti. Mwalimu akichelewa hakumfokea. Aliingia darasani mwa huyo mwalimu akaanza kuwafundisha watoto hesabu, na ukifika unahema anakukabidhi chaki kwa mikono miwili bila neno. Heri angekutukana! "Safari humalizwa nyumbani," alikuwa akisema, maana yake mtu akijiandaa vizuri kabla ya kutoka, huko njiani ni kupita tu. Tuliipenda hiyo kauli. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika ubaoni watoto waandikie insha. Siku hizi sitaki hata kuisikia.

Gari lake lilikuwa steshenwagoni nyeupe ya Kifaransa yenye mgongo mrefu, aliyoinunua enzi zile ambapo mwalimu akipata gari habari inatangazwa kanisani. Kila Desemba, shule zikifungwa, alilipandisha gari hilo juu ya magogo uani, akavaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, ndiyo, pasi, na kuanza kuliandaa kwa safari ya Kitale.

Kitale ndiko alikoolewa Kananu, mtoto wao. Mungu aliwapa huyo mmoja tu. Alikutana na kijana wa Kibukusu chuoni walikosomea ualimu, wakapendana, wakafunga ndoa, wakaenda kukaa kwao mume. Na mama yake, mwanamke mnyamavu niliyemwita Mama Kananu naye akiniita Mama Ireri, alitaka kitu kimoja tu hapa duniani. Hakutaka nguo, hakutaka nyumba ya mawe.

"Mimi nataka tu nione jiko lake," aliniambia siku moja tukichambua njahi, yale maharagwe yetu meusi, kwenye ngazi za nyumba yao. "Nione mahali mtoto wangu anapikia. Nikae hapo kando ya moto, nimshike huyu mdogo. Halafu nirudi."

Basi. Ni hayo tu.

Utaniuliza, na wajukuu je, hawangeletwa? Hawangeletwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa neno kwamba, kwa heshima, wazazi wa msichana ndio huenda kwanza kufungua njia, kisha watoto waje wakitaka. Kananu mwenyewe alikuja mara chache, peke yake, akalala kidogo akarudi. Watoto, Mama Kananu aliwajua kwa picha. Alikuwa akinisogezea picha karibu na pua, ananiuliza, "Huyu ni mrefu ama ni vile amesimama?" Mimi ningejuaje?

Desemba ikifika mama wa watu anaanza. Anakausha njahi, anachagua ndizi zitakazoiva njiani, anatafuta kuku wasio na kelele. Huko uani mumewe amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Leo ni plagi. Kesho kabureta. Kesho kutwa ni hosi za rejeta, kwa sababu tukishuka Mwea joto litazipasua. Anakagua breki, anakunywa chai, anakagua breki tena. Alinunua mkanda wa feni wa akiba, na kwa kuwa hata huo hakuuamini, aliingia chumbani akachukua soksi ndefu za mkewe, zile za kuvaa ibadani, akazitia ndani ya gari, eti mikanda yote miwili ikikatika, soksi zitawafikisha Nakuru. Kila Desemba! Mwanamke akawa anaenda ibada ya Krismasi miguu mitupu ndani ya viatu, soksi zake ziko tayari kwa safari ambayo yeye mwenyewe haendi.

Maana hawakuenda. Hawakuenda mwaka wa kwanza, na uliofuata hawakuenda. Gari lilikuwa halijawa tayari. Kulikuwa na mlio. Mlio gani? Mlio aliousikia yeye peke yake.

Palikuwa na fundi karibu na soko, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Siku moja nilipita gerejini kwake nikawakuta wamesimama juu ya injini iliyo wazi.

"Mwalimu, hii gari iko sawa," fundi alikuwa akisema. "Enda Kitale, enda mpaka Uganda ukitaka."

"Kuna mlio."

"Hakuna mlio. Mama Ireri, wewe unasikia mlio?"

Nikasema nasikia injini.

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili," Mwalimu Mkuu akaniambia. "Masikio yako yamezoea mashairi. Sikiliza vizuri."

"Mwalimu," fundi akasema, "ukiendelea kufungua hii injini kila mwaka, itazoea hewa ikatae kufungwa."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alifunga boneti polepole akalipeleka gari kwa fundi mwingine, na huyo wa pili, kwa kuona mteja anatafuta ugonjwa, akampa ugonjwa. Alitoa thamostati, kile kidude kinachosaidia injini kupata moto upesi, akaitupa, akisema gari la kushuka pande za joto haliihitaji. Mafundi wetu wengi hufanya hivyo. Sasa hizi asubuhi zetu za baridi gari likawa linachelewa kupata moto, linatetemeka, linakohoa, na Mwalimu Mkuu akaja mpaka kwenye ua wangu, karibu afurahi. "Umeona?" akasema. "Nilisema mimi."

Mwaka mmoja aliita kanisa lije liombee gari. Huku kwetu si ajabu, gari likienda mbali huombewa. Tukaja, tukaweka mikono juu ya boneti, mchungaji akaomba kwa kirefu, akaomba tairi kwa tairi, hata spea haikusahauliwa. Mama Kananu alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Chai ikaletwa, tukaimba. Watu wakianza kuaga, Mwalimu Mkuu akainama akaona tone la mafuta chini ya gari. Tone moja. Akaligusa kwa kidole, akalinusa, akainuka akamwambia mkewe mbele ya watu wote, "Mama, si mwaka huu."

Ngai! Mchungaji alibaki na Biblia kwapani. Yaani kanisa zima limemwita Mungu, na tone la mafuta limetushinda! Mama Kananu aliingia ndani akaanza kuosha vikombe. Nilimfuata. Hakulia. Alisema tu, "Hao kuku basi tupike."

Na usidhani gari lenyewe lilikuwa halitembei. Wapi! Lilipanda Kianjai kwao, huko Meru, kila mwezi, likapita zile kona za Nithi zilizowashinda madereva wa malori. Lilibeba majeneza. Lilibeba maharusi, likafungwa riboni. Hata mimi lilinibeba. Uchungu wa kitinda mimba wangu uliponishika mume wangu akiwa kazini Nairobi, gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yameegemezwa ukutani. Nilisikia spana zikilia upande wa pili wa ua, na kabla sijamaliza kufunga leso alikuwa langoni na ovaroli yake, anapiga honi. Alinifikisha hospitali akinihubiria nipumue. Kesho yake akaja na chupa ya uji. Siku hiyo hapakuwa na mlio.

Hapo sharti niseme ukweli wa mtu huyu. Alikuwa mwema. Wasichana walioachishwa shule waolewe aliwafuata makwao na gari hilohilo, akaketi na baba zao mpaka baba wenyewe wachoke, akarudi na msichana na sanduku lake. Mimi alinifanya naibu wake wakati wanaume wa kamati walikuwa wakisema mwanamke hawezi kushika fimbo ya shule. "Kwani fimbo ina nini?" aliwauliza. Ndiyo maana hasira yangu haipati mahali pa kutua. Mtu mbaya ningemwacha aende zake. Huyu aliwasafirisha wake wa watu na watoto wa watu, isipokuwa mama wa mtoto wake.

Alikuwa mzee wa kanisa pia, na alipopewa mimbari aliipiga mila bila huruma. Tohara ya wasichana aliikemea wakati wengine walitazama dirishani. Pombe hakuigusa, hata ile ya wazee. Sasa, kwa Wameru, mahari haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka asali ifike. Ng'ombe ni sawa, kondoo ni sawa, lakini pipa la asali ndilo wazee hulitambua, maana hupikwa pombe ikanywewa na ukoo wote kama ushahidi. Siku wakwe walipoleta ng'ombe kwa lori kutoka Kitale mpaka Kianjai, mimi nilikuwa chini ya turubai upande wa akina mama. Mwalimu Mkuu alisimama, akavuta koti, akasema kwa kile Kiswahili chake cha gwaride:

"Ndugu zetu, sisi ni Wakristo. Haya mambo ya pipa la asali tumeyaacha nyuma. Msijisumbue."

Tukapiga makofi. Wakwe wakapiga makofi kutushinda. Mzee mmoja wa Kianjai alikohoa akatazama chini, lakini ni nani humsikiliza mzee anayekohoa? Tukala, tukaomba, wageni wakapanda lori wakaenda zao wakiamini wamepata baba mkwe wa kisasa.

Kuna Desemba nilichoka. Nikamwambia Mama Kananu, "Twende na basi. Mimi nitakusindikiza. Tunapanda asubuhi, jioni tuko Kitale." Uso wake ulibadilika, akawa msichana. Akaingia kumwuliza bwana wake. Jibu nililisikia nikiwa jikoni kwangu, maana sauti ya gwaride haijui ua.

"Basi? Mke wangu abebwe kwa basi kama gunia la viazi, na gari liko hapa? Wakwe watasema Mwalimu Mkuu hana gari, ama hana mke?"

Nikatoka nje. "Mwalimu, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka, Mama Ireri."

"Haraka gani? Mjukuu wako mkubwa ashaanza shule!"

"Nitampeleka kwa heshima, ama sitampeleka."

"Basi sema hutampeleka, aache kukausha njahi!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni Mama Kananu akanijia, mikono ndani ya leso. "Usimseme sana," akaniambia. "Anaogopa gari itatuharibikia njiani. Anatufikiria."

Nilimkasirikia hata yeye. "Wewe una miguu yako," nikamwambia.

"Miguu iko," akasema. "Lakini nikienda bila yeye, itakuwa kama nimeenda kuiba. Mtoto wangu ataona aibu mbele ya hao watu."

Ndivyo tulivyolelewa. Unaweza kuwa mama mzima, umezaa, umelima, umezika wazazi wako, na bado kwenda kumwona mtoto wako unangoja mtu atoke chini ya gari.

Aliugua wakati wa mvua ndefu. Kifua. Hatukudhani ni ugonjwa wa kuua. Nilimpelekea supu, akanionyesha picha mpya iliyoletwa na Kananu, wale watoto wamesimama mbele ya mlango wa jikoni, na nyuma yao giza la ndani. Alikuwa anajaribu kuona ndani ya lile giza. "Naona kama kuna sufuria," akasema. Wiki hiyo hiyo akafa. Akafa bila kuliona hilo jiko, na mimi, Mungu anisamehe, sikulia kwa huzuni tu, nililia kwa ghadhabu.

Tulimzika Kianjai. Na siku ya mazishi ndipo nilipoliona gari la mkwe. Alikuja yeye, na Kananu, na watoto wote, katika kigari cha kijani kikuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, bomba la moshi limeshikwa na waya, kioo cha nyuma ni karatasi ya nailoni. Watu walipokwisha kula, nikamwona Mwalimu Mkuu analizunguka, mikono nyuma, kama alivyokuwa akizunguka uwanja wa shule. Mkwe akamfuata kwa heshima, kofia mkononi.

"Hii ndiyo imetoka Kitale?"

"Ndiyo, baba."

"Uliikagua?"

"Tuliongeza maji, baba. Habari ilitufikia asubuhi, tukaingia tu."

"Haikuwasumbua?"

"Ilisumbua kidogo hapo Nyahururu. Tukaisukuma."

Mwalimu Mkuu aliishika ile kamba ya mlango, akaiachia. Mkwe alipoitwa kwa watoto wake, mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hawakuleta ile asali."

Nilidhani ni majonzi yamemchanganya. "Asali gani, Mwalimu?"

"Ya mahari. Niliwaambia wasijisumbue. Kwani mtu akikuambia usijisumbue, wewe hujisumbui? Hata mtoto wa Kimeru anajua. Unakataliwa, unaleta. Wao wakanyamaza. Nikangoja. Ningeendaje kula kwa watu ambao hatujamalizana nao?"

Asali! Si breki, si hosi, si mlio. Asali! Na mimi niliyesimama pale ni mtu wa Gachoka, Mbeere, nchi ya nyuki, ndugu yangu ana mizinga kwenye kila mgunga. Gachoka kutoka Dallas unaenda na unarudi kabla ya chakula cha mchana.

"Mwalimu, ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini? Mimi niliyesimama mimbarini?"

"Ungewaambia hao wakwe!"

"Baba wa msichana haombi."

Haombi! Watu waliosukuma gari Nyahururu ili wafike kumzika mama mkwe wao, hao wangeshindwa na pipa la asali? Neno moja tu, na pipa lingepanda basi la kwanza. Lakini hawakujua kuna kitu kimebaki. Walimwamini. Kwao mtu mzima akisema jambo ameliacha, ameliacha. Yeye akakaa na neno lake kooni, anaona aibu kulitema na anaona uchungu kulimeza, na kila Desemba akajificha nalo chini ya gari, huku mkewe akimtetea mbele yangu, eti anatufikiria. Nilimwambia pale pale, "Umemuua na njaa ya mtoto wake," na sikujali nani anasikia.

Baada ya hapo hatukusemezana ila salamu. Mara ya mwisho kuongea naye sawasawa ilikuwa Desemba iliyofuata, asubuhi. Nilikuwa nafagia majani mbele ya nyumba nikasikia honi langoni. Gari limeoshwa. Yeye amevaa suti, ile ya kuzikia. Alikuwa amekonda, shingo inaogelea ndani ya kola.

"Mama Ireri, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Mwalimu."

"Naenda Kitale."

"Gari liko tayari?" nikauliza, na nilikusudia imchome.

"Liko."

Alitazama usukani. "Sijui nitaingiaje kwao peke yangu," akasema. "Nilitaka unisindikize. Wewe unajua kuongea na watu."

Nilikitazama kiti cha abiria. Alikuwa amekitandika kitambaa cheupe cha kufumwa, kazi ya mikono ya mkewe, akanitandikia mimi. Nilijaribu kumhurumia. Haki ya Mungu, nilijaribu. Nikawaza chupa ya uji, nikawaza wale wasichana na masanduku yao. Haikutosha.

"Hapo sikai," nikamwambia. "Hapo pana mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alilijua jibu kabla ya kupiga honi.

"Lakini nenda," nikasema. "Usizime, usishuke kukagua kitu. Nenda. Na wale watoto wakikuuliza kwa nini nyanya yao hakuja, usithubutu kuwaambia ni gari."

"Niwaambie nini?"

Alinitazama akingoja, mikono imeshika usukani, mdomo wazi kidogo, na katika miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona hajajiandaa. Sikumsaidia.